Piasingi ya mbele ya sikio, wiki ya kumi sasa naona chuma chini ya ngozi. Nivumilie au nitoe?

Kipini_Kidogo
Wadau habari zenu. Naomba msaada kwa yeyote aliyewahi kutoboa pale mbele ya sikio, sio kwenye gegedu hapana, ni kwenye ngozi ya shavu inayopakana na kile kinyama kinachokinga tundu la sikio, karibu na nywele za pembeni zinapoanzia. Chuma kinaingia juu kinatokea chini, kwa nje unaona vitufe viwili tu. Nilikitamani siku nyingi nikasema liwalo na liwe.

Mwezi wa kwanza kilitulia kabisa, kulikuwa na vimaji vyeupe vinakauka pembeni basi, nikajua nimeshapona nikaanza kulalia upande huo. Halafu siku moja navua fulana haraka haraka ikanasa kitufe cha juu, aisee niliona nyota mchana. Tangu hapo hakijakaa sawa. Ngozi ya katikati imekuwa laini inang'aa, nikimulika na tochi ya simu kwenye kioo naona kama mstari wa chuma chini yake, na vile vitundu naona kama vimesogeleana. Usaha hamna, homa sina, inawasha tu na kuuma nikigusa. Nasafisha kwa spiriti asubuhi na jioni na nakizungusha kisigande, kama tulivyokuwa tunafanyiwa tulipotogwa masikio utotoni. Shosti wangu anasema vumilia, vyote huwa hivyo. Kweli?

Mzee_wa_Kitufe
Pole dada. Mimi changu mwaka wa nne huu, kipo pale pale na hakijawahi kunisumbua. Vumilia kitapona, haraka ya nini.

Fundi_Sindano
Mkuu hapo juu hongera, ila wewe ni mwenye bahati, usimpe mwenzio moyo wa bure. Mimi natoboa watu, na kwa hayo maelezo ya dada hicho chuma kinatoka. Kuna siku ataamka akikute kwenye mto.

Iko hivi. Ndewe ya sikio unatoboa mbele sindano inatokea nyuma, mwili unajenga kimfereji cha ngozi mpya humo ndani mambo yanaisha. Hapo ulipotoboa hakuna nyuma, chuma kimelala chini ya ngozi kama mwiba, na mwili mwiba unaufanyaje? Unausukuma nje. Halafu sehemu yenyewe haitulii, hebu weka kidole mbele ya sikio uigize kama unatafuna, unasikia kunavyosogea? Sasa piga hesabu unatafuna, unaongea na kupiga miayo mara ngapi kwa siku.

Nina swali, chuma chako kimepinda kama upinde au kina umbo la pini ya stepla, yaani katikati kimenyooka na miguu miwili imesimama wima? Hicho cha pili ndicho cha kazi hii, maana miguu inatoka moja kwa moja na ngozi haibanwi. Cha upinde muda wote kinasukuma ngozi juu kwa kila ncha. Na ni madini gani? Titaniamu ya daraja la kuwekwa mwilini (mwambie fundi akuonyeshe namba ASTM F136) mwili unaipokea vizuri. Vile vyuma vya ajabu ajabu vingi vina nikeli, na nikeli huwawasha watu wengi.

Spiriti acha leo hii, inaua mpaka ile ngozi changa inayojaribu kuota. Na kuzungusha acha, ile gamba kavu ukiizungushia ndani ni kama unajichana upya kila asubuhi.

Mama_Pacha
Mdogo wangu sikiliza mkubwa. Mimi niliambiwa hivyo hivyo vumilia, nikavumilia miezi mitano na ngozi inazidi kuwa nyembamba, mwisho ikabaki kama karatasi ya vitunguu. Nikawa nabandika plasta nisikione!! Asubuhi moja nachana nywele, kitana kikapita nacho. Damu haikuwa nyingi wala, ila ngozi ilichanika toka tundu hadi tundu, sasa hivi nina mstari mbele ya sikio utadhani nimekwaruzwa na paka. Ningekitoa mapema ningebaki na vidoti viwili tu. Nywele zangu huwa nashusha upande huo mpaka leo.

Zamu_ya_Usiku
Habari, mimi ni nesi. Niongeze kitu hapo kwenye "kitoe", maana wasomaji wengine wana tatizo jingine kabisa watafuata ushauri huu vibaya.

Ikiwa pamevimba na kuzidi kuvimba, pana joto, panapwita, panatoa usaha mzito wa njano au kijani wenye harufu, au umepata homa, au wekundu unatambaa kuelekea shavuni, huo ni uambukizo na usikitoe mwenyewe nyumbani. Vitundu vinaweza kuziba juu usaha ukabaki chini ukawa jipu. Nenda ukaonwe hospitali, wao ndio waamue chuma kinabaki au kinatoka. Cha dada hapa hakina hizo dalili, chake kinasukumwa tu, hicho kitolewe.

Jambo lingine, wekeni kidole mbele kidogo ya kile kinyama cha sikio mbonyeze taratibu. Mnasikia mapigo? Huo ni mshipa wa damu unapanda kwenda kichwani, na matawi ya neva ya uso yanapita humo humo. Ndio maana hapa sio mahali pa kutobolewa na rafiki na sindano ya kushonea, na ile mashine ya bastola ya kutogea watoto haihusiki kabisa.

Na kama kwenu kuna mtu kovu lake huwa linavimba na kutambaa kupita pale jeraha lilipoishia, hiyo ni keloidi, inatembea kwenye familia na masikioni ndio inapapenda. Fikiria mara mbili.

Kipini_Kidogo
Jamani asanteni. Kimepinda kama upinde 😭 na madini sijui, sikuuliza, aliniambia tu ni "cha hospitali". Nimeishika hiyo sehemu kweli inapiga, nimeogopa mpaka mikono imelowa jasho. Sasa nikitoe mwenyewe au nirudi kwa yule yule?

Fundi_Sindano
Usirudi kwa aliyekuwekea upinde hapo. Tafuta fundi mwingine akifungue, kitufe kimoja kinazungushwa kinatoka, kabla ya kuvuta anafuta chuma vizuri kisiburute magamba ndani, dakika mbili umemaliza. Ukishatoa, safisha kwa maji ya chumvi yaliyo safi kabisa, yale ya dukani ya asilimia 0.9, nyunyiza mara mbili kwa siku kausha na karatasi laini. Taulo hapana, nyuzi zinanasa. Sabuni ya nywele na mafuta yasitiririkie hapo, na simu sikiliza kwa sikio jingine.

Mzee_wa_Kitufe
Kumbe. Nimeenda kuangalia changu ni hiyo ya stepla, na fundi wangu alinifinya ngozi wee akaikataa sehemu ya kwanza niliyotaka akasema ngozi haifinyiki. Dada nafuta ushauri wangu.

Kipini_Kidogo
Mrejesho: nimetoa jana. Haikuuma, ni ile hisia tu ya kitu kinateleza chini ya ngozi ndio imenisisimua mwili mzima. Fundi mpya kanionyesha chuma mkononi, kina mikwaruzo kama kimepigwa msasa, eti cha hospitali. Sasa nauliza, naweza kurudia pale pale?

Fundi_Sindano
Subiri kovu lilainike kabisa, ni miezi mingi hiyo usinihesabie wiki. Kisha uje tufinye tuone. Ikikataa kufinyika nakutoboa kile kinyama chenyewe, hicho kina mbele na nyuma.

Mama_Pacha
Na ununue fulana ya vifungo.