Huyu ni mnyama gani ndani ya jiwe la ngazi?

Wakuu, naombeni msaada. Ngazi ninazopanda kila siku kazini ni za jiwe jeusi lililong'arishwa. Kwenye kidato cha nne kuna kitu cheupe kilichochongoka kama pembe, sentimita 14 kwa rula. Kimekatizwa na mistari iliyopinda kidogo, nimehesabu 23, na katikati unapita uzi mwembamba kuelekea nchani. Pembeni vimetawanyika viduara kama vifungo vya shati, kila kimoja na tundu. Fundi aliyekuwa anakarabati aliniambia ni granaiti na hizo ni alama za msumeno. Moyo unakataa kabisa.

Msugua Mawe:
Mkuu, moyo wako uko sahihi. Nimesugua mawe miaka 11. Msumeno ukiacha alama, mistari inavuka jiwe zima, haiishii ndani ya umbo moja. Granaiti nayo ni uji wa moto uliopoa chini ya ardhi. Mnyama hawezi kubaki humo. Hilo ni jiwe la chokaa, hata kama dukani wanaliita marumaru. Tafadhali usilijaribu kwa ndimu wala siki, mng'aro utakufa hapo hapo.

Mpenda Visukuku:
Huyo ni nautiloidi mnyoofu, jamaa wa mbali wa ngisi na pweza. Mistari ni kuta za vyumba vya gombe lake: kila alipokua alisogea mbele na kujenga ukuta nyuma yake, akaishi kwenye chumba cha mwisho, upande mpana. Uzi ndio ushahidi mkubwa. Ni mrija aliotumia kutoa maji vyumbani ili aelee. Belemniti, jamaa mwingine wa kale wa ngisi, pia huchongoka, kama risasi, ila ncha yake ni jiwe tupu lisilo na vyumba. Viduara ni vipande vya bua la krinoidi, mnyama wa baharini, ndugu wa kiti cha pweza. Ukiona vingine vina umbo la yai, ni bua lilelile lililokatwa mshazari.

Muulizaji:
Nimerudi na tochi, vya umbo la yai vipo vitatu! Ila mbona chumba cha upande mpana ni cheusi kama jiwe lenyewe, na vya nyuma vyote vyeupe?

Mpenda Visukuku:
Umeona vizuri sana. Alipokufa, tope la baharini liliingia mdomoni likajaza chumba kilichokuwa wazi. Vya nyuma vilikuwa vimefungwa, tope halikufika. Baadaye maji yenye chokaa yakapenya taratibu na kuacha fuwele nyeupe. Piga picha ukiwa umelilowesha kidogo, utaziona hata fuwele zenyewe.