Naomba ushauri: nikubali tangazo la kubeti kwenye peji yangu?

Habari zenu wakuu, naomba mawazo yenu maana nimekwama. Nina peji ya mpira yenye wafuasi elfu 18, wengi ni bodaboda na wanafunzi wa chuo. Kampuni moja ya kubeti imenifuata inboksi inataka niweke promo kodi yao (yale maneno mtu anaandika akijisajili ili ijulikane katokea kwangu), ila hawalipi kwa posti, wanalipa asilimia 30 ya hela anayopoteza kila aliyejisajili kwa kodi yangu, yaani mkeka wa mtu (tiketi yake ya kubeti) ukichanika ndo mimi nakula, na hapo ndo roho inanisuta. Juzi dogo mmoja wa kijiweni kanionyesha simu yake, mikeka 11 yote imechanika na hela yenyewe ilikuwa hesabu ya bosi.

Nimewaomba wanilipe bei moja kwa mwezi wamegoma. Nimejaribu kutangaza jezi nikaambulia elfu 40 tu.

Mliowahi kutangaza kwa promo kodi, kweli watu wanajisajili au ni kelele tu? Na hapa Tanzania mwenye peji anatakiwa awe na kibali chake cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, au leseni ya kampuni inatosha?