Re: Muziki wa usiku Manchester, wa zamani na wa sasa

Kutoka: Mwanafunzi mgeni, Salford

Shikamooni wakubwa. Nimeanza masomo hapa Septemba hii. Kila ninayemwuliza habari za klabu za jiji hili ananitajia Haçienda, kumbe ilishafungwa zamani. Je, watu wetu walikuwa wakienda wapi? Na leo mtu akitaka muziki wa Afrika, kisha arudi nyumbani salama, aende wapi?

Kutoka: Mama wa Moss Side

Marahaba mwanangu, karibu sana.

Haçienda ilikuwa kubwa kweli. Ilifunguliwa 1982 pale Whitworth Street West kwa fedha za Factory Records, kampuni ya kurekodi muziki ya hapa jijini, na bendi ya New Order, ikafungwa 1997. Jengo lilibomolewa 2002, sasa kuna maghorofa ya makazi yenye jina lilelile. DJ wake wa kwanza wa kudumu alikuwa Hewan Clarke, mtu mweusi, na hilo husahaulika sana watu wanapoisimulia.

Lakini umeuliza watu wetu walikwenda wapi. Reno! Ilikuwa chini ya ardhi, kwenye kona ya Princess Road na Moss Lane East, na juu yake klabu nyingine, Nile. Mwenye Reno alikuwa Phil Magbotiwan, Mnigeria. Enzi hizo ukienda katikati ya jiji, baunsa anakutazama usoni, anakwambia leo ni wanachama tu, huku Wazungu waliokuwa nyuma yako wanapita. Reno hakuna aliyekuuliza umetoka wapi. Wengi wa waliojaa mle walikuwa watoto wa mama Mzungu na baba Mwafrika au Mkaribi, ambao kwingine walikataliwa huku na huku. Chini soul na funk, juu reggae, mpaka alfajiri. Muhammad Ali mwenyewe aliwahi kufika.

Ilifungwa 1986, ikabomolewa, pakabaki uwanja mtupu. Nilikuwa nikipita pale kwa basi na moyo unaniuma, maana hata kibao hakikuwekwa. Kisha mwaka 2017 Linda Brogan, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa mmoja wa wateja wake, akawakusanya wenzake na wanaakiolojia wakaifukua. Vilivyopatikana vikaonyeshwa katika jumba la sanaa la Whitworth. Watu wazima walilia pale shimoni, nami nikiwemo. Kwangu mimi ile ni historia ya jiji hili sawasawa na Haçienda, na watoto wetu wanaokulia hapa wafundishwe.

Kutoka: Kaka wa Cheetham Hill

Shikamoo mama. Hata kabla ya Reno kulikuwa na Ras Makonnen, mzaliwa wa Guyana, aliyekuwa na mikahawa hapa jijini miaka ya 1940. Faida yake ilisaidia kugharimia Kongamano la Tano la Pan-Afrika, Oktoba 1945, ukumbi wa Chorlton-on-Medlock, ambako Kenyatta na Nkrumah walihudhuria. Makonnen baadaye alihamia Nairobi na alifia huko.

Sasa mdogo wangu, kwa leo anzia Band on the Wall, Swan Street. Ni baa ya zamani ya jazi iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya 2009, na wanamuziki kutoka Afrika hupita pale mara kwa mara. Tiketi nunua mapema mtandaoni.

Kitambulisho chenye picha ni lazima, ila usitembee na pasipoti usiku, ikipotea utahangaika mno. Kama una ruhusa ya kuishi hapa siku 185 au zaidi, omba leseni ya muda ya udereva, hata kama huna mpango wa kuendesha gari. Mlangoni wanaikubali.

Kurudi Salford ni rahisi siku hizi: tangu Septemba 2024 basi namba 36 la kwenda Bolton linatembea usiku kucha. Ukichukua teksi, ile nyeusi unaweza kuisimamisha barabarani. Gari la kukodi lolote lingine liwe limeagizwa kabla, kwa simu au programu, nawe uhakikishe namba ya gari kabla hujapanda. Dereva anayekuita tu nje ya klabu mkatalie, kwa sababu safari isiyoagizwa haina bima, na likitokea la kutokea utahangaika kulipwa.