Injini ya mtumba silinda namba 3 imekufa, mafundi wananiuzia koili tu!!

Wakuu mie leo nimechoka kabisa, acheni niseme. Nimenunua injini ya Toyota IST, aina ya 1NZ, duka moja huko Ilala, jamaa ananiambia "hii imetoka Japani boss, haijaguswa", warranti yake eti ni kuwaka tu. Ikiwaka mzigo wako. Imefungwa, imewaka, ila ikikaa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, inatetemeka gari zima mpaka vioo, mlimani haina nguvu, na taa ya cheki injini haizimi.

Gereji ya kwanza wakachomeka mashine, ikasoma kodi ya hitilafu P0303, yaani silinda ya tatu inamisi, haichomi mafuta sawasawa. Basi hapo hapo "koili hiyo", kile kidude kinachopeleka umeme kwenye plagi. Nikanunua. Bado. "Plagi". Bado. "Nozeli zimeziba, tuzioshe", zile zinazopuliza mafuta. Bado!! Jamani koili si unaihamisha tu, ya tatu unaiweka ya kwanza, kodi ya hitilafu ikibaki kwenye silinda ya tatu ujue koili haina kosa, hiyo ni dakika tano na haili hata mia, sasa kwa nini hela yangu ndo iwe ya kufanyia majaribio?

Mwishoni nikaelekezwa kwa mzee mmoja Temeke, ana geji ya kompresheni, inapima silinda inagandamiza hewa kwa nguvu kiasi gani. Akawasha injini ipate moto, akatoa plagi zote, akachomoa soketi za koili na nozeli, mie ndani nimekanyaga mafuta mpaka chini napiga stata. Silinda ya moja psi 190, mbili 185, tatu 80, nne 190. Kitabu cha Toyota kinataka isishuke 156 psi na silinda zisipishane zaidi ya 14, mie nina themanini!! Akamwaga kijiko cha oili kwenye tundu la tatu, akapima tena, ikapanda kidogo sana, akasema ringi za pistoni zingekuwa ndo zimechoka ingeruka juu, hapa ni valvu, vile vimilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi. Akaisimamisha pistoni juu kabisa valvu zimefunga, akapulizia upepo wa kompresa, nenda nyuma kasikilize kwenye ekzosi, unasikia sssss. Kwenye mfuniko wa oili kimya, rejeta haitoi povu, kwa hiyo gasketi ya hedi nayo imepona. Kazi yote haikufika saa nzima. Hedi ikafunguliwa, valvu moja ya kutolea moshi imeliwa pembeni, masizi yamegandia mpaka kwenye siti, pale valvu inapokalia ikifunga.

Namrudia muuzaji ananiambia "umeichemsha mwenyewe". Nimeichemshia wapi, imeanza kutetemeka siku ile ile inafungwa, fundi aliyeifunga shahidi!

Na hili ndo linaniuma, injini ikiwa na giaboksi na stata unaweza kuizungusha pale pale chini dukani kwa betri ukaipima. Ni ya baridi sawa, namba zitakuwa chini kidogo, ila themanini katikati ya wenzake huwezi kuikosa. Niliomba ipimwe kabla sijalipa, jamaa akacheka, eti "boss hatuna muda huo". Muda wa kuhesabu hela anao.

Wakuu wanaojua sheria, ile risiti iliyoandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi" inamlinda hata hapa? Na mwenye fundi anayekata siti za valvu vizuri Dar anielekeze, ila awe anapima kwanza, sitaki kusikia neno koili.