Stanka Zlateva: bingwa wa dunia mara 5, dhahabu ya Olimpiki hana. Ilikuaje?

Kibwana_K:
Wakuu habari za jioni. Jana nimekesha YouTube naangalia mieleka ya wanawake (ile ya Olimpiki jamani, sio ya kupigana viti na meza) nikakutana na dada mmoja wa Bulgaria anaitwa Stanka Zlateva, kilo 72, asee yule nguvu zake sio za nchi hii, anadaka mguu wa mtu anamnyanyua kama gunia la mkaa. Nikaenda kutazama rekodi nikachoka kabisa. Bingwa wa dunia 2006, 2007, 2008, 2010 na 2011, Ulaya kabeba mara 5 mfululizo, halafu Olimpiki fedha Beijing 2008, fedha tena London 2012. Sasa mtu anayewanyoosha wote hivyo anakosaje dhahabu mara mbili? Ni gundu au fainali alikuwa anapaniki?

mkeka_mweusi:
Mkuu gundu sio sana, angalia alivyopigwa. Fainali zote mbili hakupigwa kwa pointi, alibanwa mabega. Kwenye mieleka ya mtindo huru mabega yote mawili yakigandishwa kwenye mkeka hata kwa nukta tu, mchezo umeisha hapo hapo, uwe unaongoza usiwe unaongoza hakuna anayekuuliza. London ndo iliuma zaidi maana raundi ya kwanza kachukua yeye, na enzi hizo zilikuwa raundi 3 za dakika 2, ukishinda mbili umemaliza, kwa hiyo alikuwa anahitaji moja tu. Raundi ya pili yule Mrusi Natalia Vorobieva, katoto ka miaka 21, akamgeuza akamlaza chali. Kwisha habari. Beijing nako ni hivyo hivyo, Wang Jiao wa China akamlaza mbele ya watu wa kwao. Mtu anayependa kukaa karibu na kushikana kifua kwa kifua kama Stanka anapata ushindi mwingi ila na yeye anajiweka pabaya, mkishashikana hivyo anaweza kwenda chini yeyote.

Mama Nasra:
Halafu watu wanasahau kitu kimoja, baada ya Beijing hakwenda kulala, mashindano ya dunia yalikuwa Tokyo mwezi wa 10 mwaka huo huo na akachukua dhahabu. Miezi miwili tu jamani.

Na kama mnamuonea huruma Stanka basi mhurumieni na Kyoko Hamaguchi wa Japani, uzito ule ule, naye bingwa wa dunia mara 5 na Olimpiki kaishia shaba mbili, Athens 2004 na Beijing. Fainali ya dunia 2006 pale Guangzhou walikutana hao wawili, wakagongana vichwa Hamaguchi akavunjika pua, Stanka akabeba. Wajapani walinuna sana. Mimi nadhani kilo 72 kipindi kile ilikuwa na watu wagumu mno kuliko tunavyoambiwa, kila siku sifa wanapewa wale wepesi.

dogo_wa_Temeke:
Pua?? 😂😂 afu sisi huku tunaita mchezo wa wanawake

Kibwana_K:
Mama Nasra ahsante sana, hiyo ya Hamaguchi nilikuwa sina. Kwa hiyo mkeka_mweusi unataka kusema kwa sheria za sasa Stanka angekuwa na dhahabu?

mkeka_mweusi:
Hapana mkuu. Mwaka 2013 walibadilisha, sasa ni vipindi 2 vya dakika 3 na pointi zinajumlishwa, ila kubanwa mabega bado ni kubanwa mabega, hiyo haijaguswa. Pengine angekuwa na pointi nyingi zaidi pale alipolazwa, basi. Na Vorobieva hakubahatisha, 2015 akawa bingwa wa dunia, Rio 2016 akapata fedha.

Kitu ninachompa Stanka heshima ni kwamba Olimpiki ilianza kuweka mieleka ya wanawake 2004 tu, kwa hiyo Bulgaria ambako mieleka ni ya wanaume toka zamani yeye ndo kafungua njia. Kazaliwa kijijini Krushare huko mkoa wa Sliven. Waliokuja nyuma yake kina Taybe Yusein (bingwa wa dunia 2018) na Evelina Nikolova wakarudi na shaba mbili kutoka Olimpiki ya Tokyo 2020.

Mama Nasra:
Yusein mtafute Kibwana, yule alikuwa kilo 62, ana kasi zaidi ya Stanka. Ila usianze saa sita usiku tena.