Kigoma: mwenye leseni ya vileo ndiye anayesakwa, asiye nayo anauza mpaka asubuhi

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Anayetaka lugha laini apite uzi mwingine.

Nina baa ndogo maeneo ya Mwanga, hapa Kigoma mwisho wa reli. Nyuma kuna jiko: migebuka ya kuchoma, ndizi, na ugali wa muhogo kwa wanaoujua. Leseni ya vileo ipo, leseni ya biashara ipo, cheti cha zimamoto kipo, wahudumu wamepimwa afya na kadi zao ninazo, mashine ya EFD inatoa risiti. Vyote nimevibandika ukutani nyuma ya kaunta maana nimechoka kuvitafuta kila watu wa msako wakija.

Alhamisi usiku wamekuja tena. Saa 5 ilikuwa imepita kidogo. Muziki nimeshazima, kaunta imefungwa, meza chache wanamalizia chakula. Wanaingia, swali la kwanza leseni. Naonyesha ukutani. Swali la pili: "Na saa unaijua?" Basi, hapo ndipo mazungumzo yalipoishia. Mpishi wangu na dada mmoja wa kaunta wakapandishwa kwenye gari pamoja na wateja wawili, na mmoja wa hao wateja alikuwa anakula samaki na soda. Soda, wakuu. Namwambia yule aliyeshika daftari, "Afande, huyu hajagusa hata bia." Jibu lake: "Atajieleza mbele."

Sasa vuka barabara. Pale ng'ambo kuna grosari. Ina viti vya plastiki kumi na kitu, spika mbili kubwa, meza ya pool chini ya turubai. Usiku ule ilikuwa imejaa. Gari lilipita mbele yake likija kwangu, na likapita mbele yake likiondoka. Halikupunguza hata mwendo.

Ofisi siitaji wala jina la mtu sitaji, wahusika wanajijua. Ninachotaka tujadili ni huu mchezo wenyewe unavyochezwa, kwa sababu nimeongea na wenzangu wa Gungu, Katubuka na Ujiji na wote wanasimulia kitu kilekile.

Kwa wasioifahamu: tunaongozwa na Sheria ya Vileo Namba 28 ya mwaka 1968. Ndiyo, 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, enzi ambazo mtu akionekana na chupa mchana anahesabiwa kakimbia jembe. Sheria hiyo imegawa leseni kwa aina. Ya baa, mteja anakunywa palepale. Ya duka, mteja ananunua na kuondoka na chupa yake. Ya mgahawa, unamuuzia anayekula. Kuna ya hoteli, ya klabu, ya jumla, na kibali cha muda kwa shughuli kama harusi. Muda ambao sisi wa baa tunashikiwa fimbo ni saa 10 jioni mpaka saa 5 usiku siku za kazi, wikendi na sikukuu tunasogezewa hadi saa 6 usiku.

Grosari, kwa maana ya leseni yake, ni duka. Nunua, ondoka. Nani Tanzania hii amewahi kununua bia grosari akaondoka nayo? Watu wamekaa pale tangu asubuhi, wamegeuza kreti kuwa viti, muuzaji anafungua chupa kwa opena iliyofungwa kamba dirishani. Hiyo ni baa. Ni baa isiyo na choo cha maana, isiyo na muda wa kufunga, na ambayo haikaguliwi kama baa kwa sababu kwenye karatasi imeandikwa duka. Mimi nilijenga vyoo viwili, cha wanaume na cha wanawake, kwa sababu bwana afya alikataa kunisainia fomu bila hivyo, na alikuwa sahihi kukataa. Sasa yule wa ng'ambo wateja wake wanakojoa wapi? Kwenye ukuta wangu.

Halafu kuna wale wasio na karatasi yoyote, hata ya duka. Chumba cha mbele, friji moja, pazia. Bia za kutoka nchi jirani zisizo na stempu ya TRA, vinywaji vikali kwenye vichupa vidogo. Mnakumbuka viroba vilivyopigwa marufuku kuanzia Machi 1, 2017? Plastiki imeondoka, tabia imehamia kwenye vichupa, bei ya mfukoni, na mnunuzi ni yuleyule. Gongo silizungumzii, hilo lina sheria yake na kila mtu anajua linapikwa wapi.

Kwa nini wao hawaguswi? Wengi mtasema wanatoa kitu kidogo. Inawezekana, sina ushahidi na sitaki kusingizia mtu. Lakini mimi nadhani sababu kubwa ni rahisi kuliko hiyo. Msako unapopangwa, watu wanaanza na orodha. Orodha ni ipi? Ya waliokata leseni. Jina langu lipo, mtaa upo, kitalu kipo, namba ya simu ipo. Mtu wa pazia hayupo kwenye daftari lolote, kwa hiyo kumpata inabidi ufanye kazi: utembee, uulize, urudi tena. Kwangu unashuka tu kwenye gari. Ile leseni niliyoilipia ndiyo ramani ya kunifikia. Mwisho wa usiku ripoti inaandikwa "baa kadhaa zimekaguliwa, watuhumiwa wamekamatwa", mkubwa anafurahi, na zote zilizokaguliwa ni za watu waliokwenda wenyewe kujiandikisha.

Na kujiandikisha kwenyewe si mara moja. Wasio kwenye biashara hii wanadhani leseni ya vileo ni ya mwaka. Ni ya miezi sita! Aprili mpaka Septemba, halafu Oktoba mpaka Machi. Kila kipindi unaanza upya: mtendaji, afya, polisi, kikao cha vileo kikae, ndipo utoke. Kikao kikichelewa, leseni yako ya zamani imekwisha na mpya hujapewa, na hapo katikati ukiuza una kosa, usipouza una njaa. Siku hizi maombi yanapita mtandaoni, kwenye mfumo wa Tausi, sawa, foleni ya dirishani imepungua, lakini mfumo hauwezi kusaini kwa niaba ya mtu aliyesafiri. Leseni ya biashara ni mwaka mzima. Ya bia kwa nini iwe nusu? Anayejua sababu ya maana aniambie, si "ndivyo ilivyo".

Kwa sisi wa Kigoma huo mgawanyo unaumiza zaidi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Sipingi, samaki wapumzike, hata mimi nahitaji migebuka wawepo kesho. Lakini miezi hiyo mitatu yote imeangukia ndani ya leseni ya Aprili hadi Septemba. Wavuvi hawana hela, wachuuzi wa Kibirizi hawana hela, anayekunywa ni mtumishi wa serikali kwa siku chache baada ya mshahara. Ada ikapungua? Haikupungua hata senti.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndipo penye kiini cha hasira yangu kuhusu muda. Huo muda wa saa 10 jioni hadi saa 5 usiku umepangwa kwa karani. Anatoka ofisini, anapumzika, anarudi kulala. Kigoma haiishi hivyo. Mvuvi wa dagaa anaingia ziwani jua likizama na taa zake, anakesha, anarudi Katonga au Kibirizi alfajiri. Akishusha, akiuza, akigawana na wenzake, ni saa 3 au saa 4 asubuhi. Ile ndiyo jioni yake. Ana hela mfukoni, ana njaa, ana baridi ya usiku mzima mwilini, anataka supu, anataka bia mbili, akalale. Kwangu mlango umefungwa kisheria mpaka saa 10. Anakwenda wapi? Grosari na kwenye pazia. Wamefunguliwa, wanamsubiri. Kwa hiyo sheria haijamzuia kunywa asubuhi, imemzuia kunywa mahali penye chakula, choo na risiti. Wenye akili zao wanaijua kalenda hii vizuri: mbalamwezi ikiwaka, wavuvi hawaendi dagaa, basi mauzo ya usiku yanapanda, giza likirudi, mauzo yanahamia asubuhi. Mimi nusu ya mwezi naangalia wateja wangu wakipita kwenda kwa mwenye pazia.

Huko Dar es Salaam, Kariakoo walishazindua biashara saa 24 mwaka 2025. Sisemi baa zikeshe. Nasema kama saa zinaweza kujadiliwa kwa ajili ya wauza nguo, zijadiliwe kwa ajili ya mji wa ziwa.

Sasa najua watakuja wale wa "watoto wetu wanaharibika". Nakubaliana nanyi kuliko mnavyodhani. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na hatakiwi kuonekana baa. Kwangu mhudumu akimuuzia mwanafunzi, siku hiyohiyo hana kazi. Nendeni mkaone grosari jioni: mtoto na sare anatumwa "kaniletee mbili za baridi", anapewa, anabeba. Hakuna anayeuliza. Kama kweli mnawaonea watoto huruma, anzeni hapo. Kelele nazo vilevile. Mwaka 2023 NEMC, baraza la mazingira, ilifungia baa kwa makumi kwa ajili ya muziki, na baadhi zilistahili, nimekaa mjini najua mtu hawezi kulala spika ikiwa dirishani. Mimi nina spika za ndani. Turubai la ng'ambo halina kuta. Nani kafungiwa?

Ninachotaka hakina mambo mengi. Anayeuza kinywaji cha kunywa palepale ahesabiwe baa, hata kama kwenye karatasi yake pameandikwa duka. Misako ianze na wasio na leseni, yaani watu watembee mitaani, wasikae na orodha ofisini. Leseni iwe ya mwaka. Na mteja anayemalizia chakula mezani asipandishwe gari, maana huyo hajanunua chochote baada ya muda. Hili la mwisho lingeweza kuamuliwa hata leo na kiongozi wa msako, halihitaji Bunge.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Mkuu uliyesema "funga saa 5 kamili tatizo liishe": mauzo yalifungwa kabla ya saa 5, nimeandika hapo juu, soma tena. Samaki wa kuchoma haliwi kwa dakika tano, na siwezi kumnyang'anya mtu sahani aliyoilipia.

Aliyeuliza kwa nini na mimi nisibadilishe leseni iwe ya duka niendelee kama wao: nimeulizwa hilo na watu watatu tofauti wiki hii, mmoja wao ni mtu ambaye kazi yake ni kutusimamia. Alisema kwa utani, akacheka. Mimi sikucheka. Kuna wenzangu wawili mtaa wa pili tayari wamebadilisha. Wameondoa meza, wameweka kreti, jiko wamefunga, wapishi wamerudi nyumbani. Usiku wanauza kuliko mimi.

Mpishi wangu na dada wa kaunta walitoka Ijumaa mchana. Wateja nao walitoka. Yule wa soda amesema hatarudi kula kwangu, na namba yangu ameifuta. Mwenye mawasiliano na wenye baa wa Kasulu na Kibondo anitafute inboksi, tunaandaa barua ya pamoja kabla ya kikao cha vileo kijacho na majina mawili matatu ya mjini peke yake hayatoshi.