Tupeane uzoefu: ni siku gani hasa ulijiona umemaliza sekondari?

Mjomba wa Tegeta
Wakuu, habari za jioni.

Msimu umeanza. Septemba na Oktoba hizi kila Jumamosi lazima mtu akuletee kadi ya mahafali ya kidato cha nne. Mimi mpwa wangu anaagwa Jumamosi hii. Nimeshachangia joho, keki na picha, na jana nimeambiwa kuna hela ya taji, wakati taji lenyewe dada yangu keshalinunua Kariakoo, mtaa wa Kongo, limejaa maua ya plastiki mpaka mtoto haonekani shingo. Sina ugomvi na hilo, mtoto ni wetu.

Kinachonichekesha ni kwamba tunakata keki mtihani bado. Mtihani wa taifa Novemba, matokeo Januari. Jumamosi mtoto anavishwa joho na kutuzwa noti, Jumapili usiku yuko prepo anakesha na Fizikia. Sasa nauliza: wewe ulijiona umemaliza siku gani? Ya mahafali, ya pepa la mwisho, ya matokeo, au mpaka leo hujajiona? Waliosoma nje ya Bongo nao wanakaribishwa.

Katibu wa Risala
Siku ya mahafali mimi nilikuwa na kazi, sikuona chochote. Niliandika risala ya wahitimu, shule ya bweni huko Nyanda za Juu. Rasimu ya kwanza nilijaza ukweli mtupu: maji tunachota mtoni, maktaba imefungwa na ufunguo haujulikani uliko, maharage yana wadudu. Mwalimu wa Kiswahili akaipitia na kalamu nyekundu. Mto ukawa "uhaba wa maji". Maktaba ikafutwa kabisa. Wadudu wakawa "changamoto za kilishe". Juu kabisa akaniongezea aya nzima ya kumsifu mgeni rasmi, ambaye hata jina lake lilikuwa halijathibitishwa, kwa hiyo nikaacha nafasi yenye vidoti.

Siku yenyewe nikasoma. Mgeni rasmi akasimama, akasema changamoto zote amezisikia na atatuletea kompyuta kumi. Shangwe, kinamama wakapiga vigelegele, mkuu wa shule akafuta jasho. Miaka mingi baadaye nikapita pale kumsalimia mlinzi, nikauliza kompyuta. Akaniuliza, "Zipi?"

Kwa hiyo jibu langu ni pepa la mwisho. Mahafali ni ya wakubwa.

Pilau Kwanza
Mkuu umenikumbusha "changamoto za kilishe". Sisi siku ya mahafali ndiyo pekee tuliyokula nyama isiyohesabiwa. Nilijiona nimemaliza pale pale kwenye sahani.

Shati la Urithi
Pepa la mwisho, hakuna ubishi. Kengele ilipogongwa msimamizi akasema kalamu chini, mtu mmoja nyuma akapiga ukelele na mtihani ukaishia hapo. Tulitoka na kalamu za maka tulizozificha kwenye soksi. Kila mtu akageuza mgongo aandikwe: majina ya utani, "tutakutana Mlimani" (yaani chuo kikuu), namba za simu za baba zetu maana sisi wenyewe hatukuwa na simu. Kuna msichana ambaye miaka minne hatukusemeshana zaidi ya salamu, akaandika jina lake juu ya mfuko wa shati langu, dogo dogo, akaondoka. Mimi shati lile nilipanga kulitundika ukutani.

Bibi yangu hakuwa na habari za kutundika. Alilikuta kwenye begi, akaona ni uchafu wa wino, akalitia jiki usiku mzima, akalisugua, akalipiga pasi ya mkaa. Januari mdogo wangu akalivaa kuanzia kidato cha kwanza, maana shati bado zima, litupwe kwa nini? Mgongoni ilibaki "KIPANGA" kwa rangi ya kijani iliyogoma kutoka. Mpaka anamaliza walimu walimwita Kipanga, yaani mkali wa darasani, na hesabu hajui.

Dada wa Bweni la Pili
@Shati la Urithi, na jina la mfukoni lilitoka?

Shati la Urithi
Lilitoka. Ila mwenye jina tunaye, anasoma hapa pembeni yangu na anasema niache kujaza uzi wa watu.

Mwalimu wa Zamu
Niwajibu kama mwalimu, maana kila mwaka tunalaumiwa eti tunasherehekea kabla ya mtihani. Jamani, baada ya mtihani tutasherehekea na nani? Hawamalizi siku moja. Wenye masomo ya kawaida tu wanaondoka mapema, wenye somo la ziada wanabaki. Akishaweka kalamu chini, mtoto wa bweni tranka lake liko getini, huyo kaenda Shinyanga, huyu Newala. Hakuna atakayepanda basi kurudi kula keki. Siku ambayo darasa zima liko pamoja na wazazi wanaweza kufika ni hiyo ya kabla. Pia ndiyo siku tunayoonana na mzazi ambaye kikao cha wazazi hajawahi kukanyaga.

Kingine, kile cheti anachokabidhiwa jukwaani ni cha kuhitimu shule, si cha mtihani. Kila mwaka kuna mzazi anakifungia kwenye fremu akidhani mambo yameisha.

Kuhusu pepa la mwisho, sisi walimu tunaiogopa siku hiyo kuliko ninyi mlivyoogopa Hesabu. Vijana wengi wanaaga vizuri, wanashikana mikono, wanalia. Lakini wapo wanaovunja vioo kama kwaheri, na kioo kikivunjwa Novemba, kinachonyeshewa ni kidato cha tatu wanaorithi darasa. Kuandikana mashati sina neno nalo.

Somo la Ziada
Mwalimu umenigusa. Mimi nilikuwa na Kifaransa. Tulikuwa wawili shule nzima. Wenzetu wamemaliza, wameimba, wameondoka na magodoro yao vichwani, sisi tumebaki kwenye bweni la vitanda arobaini vitupu. Usiku ukikohoa, unajibiwa na ukuta. Mpishi akawa anatuuliza leo mnataka nini, swali ambalo kwa miaka minne sikuwahi kulisikia jikoni pale. Siku ya mwisho akatukaangia mayai. Tulitoka kwenye chumba cha mtihani, hakuna wa kumwandika shati ila mwenzangu, tukaandikana, tukapeana mikono kama wazee wa baraza, kila mtu na basi lake.

Jirani wa Namanga
Huku kwetu Kenya hatukuwa na hayo mambo ya majoho. Sherehe yetu ilikuwa siku ya maombi. Wazazi wanakuja na chapati na kuku kwenye hotpoti, mchungaji anawaombea watahiniwa, kalamu zinainuliwa juu zibarikiwe, kisha mnakaa kwenye nyasi na familia mnakula mpaka mshipi unalegezwa. Mimi ni darasa la 2016. Mwaka ule waziri Matiang'i akapiga marufuku siku za maombi na ziara za wazazi muhula wa tatu, kwa sababu ya wizi wa mitihani. Kwa hiyo hatukuombewa na hatukula chapati.

Mtihani ukaisha, na sisi tulizoea kwamba matokeo ya KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, ni ya mwakani, Februari au Machi. Mara Desemba hiyo hiyo, kabla hata ya Mwaka Mpya, matokeo haya hapa. Nilikuwa kwa shangazi, tunachinja mbuzi wa sikukuu. Nchi nzima A zilikuwa 141. Mwaka uliotangulia zilikuwa zaidi ya elfu mbili. Mjomba aliyekuwa amejitolea kunilipia karamu nikipata A akacheka sana, akasema mbuzi tayari yupo, basi tuhesabu ndio karamu. Nilipata B. Hiyo ndiyo siku yangu, na nyama ilikuwa tamu.

Mwana wa Lubumbashi
Sisi kwetu Kongo ni matokeo tu, mengine ni hadithi. Unamaliza mwaka wa sita, unafanya Exetat, mtihani wa taifa, halafu unangoja. Siku yanapotoka hakuna anayelala. Zamani wazee wetu walingoja redio isome majina, sisi tukangoja ujumbe kwenye simu. Ukisikia nyumba ya jirani wanapiga makelele, unajua yule kapita. Halafu inakuja pudra! Wanakumwagia pudra nyeupe kichwani, usoni, kwenye nguo, unatoka barabarani mweupe kabisa, na watu usiowajua wanakupongeza kwa sababu pudra imeshasema. Mama yangu alimaliza kopo la mtoto mchanga kwangu, dada yangu mwenye mtoto akanuna.

Kaka yangu mwaka uliopita alikuwa hakupita. Siku ile alijifungia chumbani, sababu dirishani alikuwa anaona weupe wanapita. Ndiyo maana mimi nilipopita nilianza kumpaka yeye kwanza. Akakubali.

Mhanga wa 2012
Mahafali yetu yalikuwa makubwa. Oktoba 2012, turubai, muziki, mzee wangu aliazima koti. Alipanda jukwaani kunivisha taji, akachukua kipaza sauti bila kuitwa, akawaambia watu mimi ndiye nitakuwa wa kwanza ukoo mzima kwenda chuo.

Februari 2013 matokeo yakatoka. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa: zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walipata sifuri. Mimi nilikuwa mmoja wao. Foleni ya intaneti kafe ilikuwa ndefu, mtu anaingia anacheka, anatoka amekaza uso. Mzee sikumwambia, alisikia kwenye taarifa ya habari kama watu wengine. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Wote?" Nikamwambia karibu wote.

Mei yakafutwa, yakapangwa upya, nikaamka na divisheni ya nne. Sasa mtu kama huyo umuulize alimaliza lini? Nilikwenda VETA, chuo cha ufundi, kusomea umeme wa majumbani, na leo ndio unaonilisha. Picha ya mahafali mzee bado ameiweka sebuleni, na koti lile la kuazima.

Kuruti Mstaafu
Pole @Mhanga wa 2012. Mimi ni kidato cha sita 2020, ile ya Corona. Shule zilifungwa Machi 17, mahafali yetu yalikuwa yamepangwa baadaye mwezi huo. Kadi zilishachapwa na ng'ombe ameshalipiwa! Tukarudi Juni mosi, mwisho wa mwezi mtihani. Hakuna aliyekumbuka majoho, kila mtu yuko na ndoo ya maji tiririka na madesa. Kamati ya mahafali iligawa soda za kwenye stoo siku ya pepa la mwisho, za moto, moja kwa watu wawili. Ng'ombe mpaka leo hatujui aliliwa na nani.

Binti Unguja
Huku kwetu kabla ya mtihani ilisomwa dua skuli, wazee wakaja, tende na kahawa na sambusa, tukalia kidogo. Siku ya mwisho tukaenda Forodhani na sare zetu. Wavulana wakapanda ukutani, wakaruka baharini na mashati na suruali, mmoja baada ya mwingine. Sisi wasichana tukabaki juu tumeshika mabegi yao na viatu, tunakula urojo. Mmoja wetu akasema, "Na sisi je?" Akavua viatu, akaruka na buibui lake. Forodhani nzima ikapiga makofi. Mama yake alikuwa ameshapigiwa simu kabla hajatoka majini.

Mtahiniwa wa Kujitegemea
Nimesoma wote, nami niseme langu. Mimi sina mahafali. Nilipata mimba kidato cha tatu, 2009, nikafukuzwa, na siku hizo hapakuwa na habari ya kurudi. Nikauza chakula stendi miaka mingi. Baadaye nikajiandikisha, nikafanya QT, ule mtihani wa maarifa wa kumruhusu aliye nje ya shule kufanya kidato cha nne, nikafaulu, nikafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hao hawana joho. Hawana mgeni rasmi. Unakwenda kituoni asubuhi na kitambulisho chako, unakaa na watoto wa shule wanaokuamkia shikamoo, unafanya mtihani, unarudi kuwasha mkaa.

Siku ya pepa la mwisho sikuwasha. Saa nane mchana kibanda bado kimefungwa, wateja wakashangaa. Nikanunua kuku wa kuchoma mzima na soda ya baridi, nikakaa kwa mwenzangu anayeuza, nikahudumiwa. Kwanza nilikula peke yangu, nusu. Nusu nikampelekea mwanangu, wakati huo yuko darasa la tano. Akaniuliza kuna sherehe gani. Nikamwambia mama kamaliza shule. Akasema, "Na mimi nimebakiza mingapi?"

Nilipata divisheni ya tatu, kama kuna anayetaka kujua.

Katibu wa Risala
Tunataka kujua, na tunakupongeza mama. Hiyo nusu kuku ndiyo mahafali.

Pilau Kwanza
Mzima mzima angestahili. Hongera sana.

Mjomba wa Tegeta
Nimewasoma wote, uzi umenizidi. Nimeona wa pepa la mwisho ni wengi. Nimeamua sherehe ya kwetu nyumbani tutafanya Novemba akimaliza, Jumamosi naenda kama mgeni tu. Lakini siwezi kwenda mikono mitupu. Zawadi gani inamfaa mtu ambaye bado ana mtihani? Dada yangu anataka nimnunulie begi la safari.

Mwalimu wa Zamu
Begi ni la Novemba. Sasa mpe kalamu nzuri za bluu, seti ya hisabati iliyokamilika na saa ya mkononi ya kawaida, ile ya mishale. Simu usimpe hata kwa kuifunga kwenye boksi, itaishia ofisini kwangu.

Somo la Ziada
Na ukimaliza picha, muulize ana masomo mangapi. Kama ana la ziada, ile Novemba umsogezee siku.

Dada wa Bweni la Pili
Mjomba, kadi imeandikwa saa tatu asubuhi, siyo? Kunywa chai vizuri, uende saa sita. Ukiwahi saa tatu utakuta watoto wanapanga viti, na utapangishwa na wewe.